Taarifa Inaweza Kuwa ya Kweli na Bado Isiwe Habari

Tangu Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, inayowapa waandishi vitambulisho vya kufanyia kazi, ianze kazi, swali la nani aitwe mwandishi wa habari limetoka kwenye vifungu vya sheria na kuingia mitaani. Hapa Tanga unalisikia kwenye ofisi za Chumbageni na kwenye vibaraza vya kahawa vya Ngamiani, na majibu mengi huishia kwenye stashahada na kitambulisho. Bodi hiyo imetokana na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na sina ugomvi na wanaotaka kazi hii ifanywe na watu walioisomea. Ninachokikataa ni imani inayokua chini kwa chini kwamba mwenye kitambulisho akituma kitu chumba cha habari, basi alichotuma ni habari. Sehemu kubwa ya tunachosoma na kusikiliza kama habari za mkoa huu kimeandikwa na ofisi inayozungumzwa ndani yake, kikapita kwenye simu ya mtu mwenye kitambulisho halali, na kikamfikia msomaji bila neno hata moja kubadilishwa.

Uandishi wa uhusiano wa umma na uandishi wa habari havitofautiani kwa ukweli na uongo, wala kwa cheti cha anayeandika. Vinatofautiana kwa mwenye neno la mwisho: nani anaamua swali gani liulizwe na jambo gani libaki nje. Afisa uhusiano akimaliza rasimu yake huipeleka kwa bosi wake, na bosi ana haki ya kufuta sentensi, kwa sababu taarifa ni ya taasisi. Mwandishi wa habari akimaliza yake huipeleka kwa mhariri, na mhariri akifuta sentensi anapaswa kuwa na sababu anayoweza kuieleza mbele ya msomaji. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Ikiwa anayeandikwa ndiye mwenye uwezo wa kufuta, kilichoandikwa ni taarifa yake, hata kikiwa na jina la mwandishi juu.

Hili si jambo geni, na waanzilishi wa uhusiano wa umma walilijua kuliko tunavyolijua sisi. Mwaka 1906 Mmarekani Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwafanyia kazi wenye migodi ya makaa ya mawe na reli, aliyapelekea magazeti tamko la misingi ya kazi yake. Aliahidi kufanya kazi waziwazi, kumtaja anayemwakilisha, na kumsaidia mhariri yeyote anayetaka kuhakiki maelezo yake. Aliongeza jambo ambalo ningependa libandikwe ukutani kwa kila mhariri wa redio ya mkoani: kwamba mhariri akiona andiko lake linastahili kwenda idara ya matangazo, asilitumie. Oktoba mwaka huohuo treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini Atlantic City na kuua watu zaidi ya 50. Lee aliishawishi kampuni itoe taarifa yake mapema badala ya kunyamaza, na ikaandaa treni ya kuwapeleka waandishi eneo la ajali. Gazeti la The New York Times liliichapisha taarifa hiyo neno kwa neno. Kwa siku ile ulikuwa uwazi wa kupongezwa, kwani kampuni za reli zilizoea kuficha ajali. Lakini tuangalie pia kilichozaliwa siku hiyo: maelezo ya kwanza ya ajali yametoka kwa mwenye treni, na usafiri wa mwandishi umetoka kwake pia.

Tanga ina historia yake katika jambo hili, na ni ya zamani sawa na ya Lee. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya utawala wa Wajerumani, shule ya serikali ya hapa mjini ilikuwa ikichapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililodumu hadi Vita ya Kwanza ya Dunia ilipolifuta. Lilikuwa gazeti la serikali kwa kila hali: fedha za serikali, mtambo wa serikali, na wengi wa walioliandikia walikuwa walimu na makarani waliopita kwenye shule za serikali. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na barua za habari kutoka miji mbalimbali, za mvua, safari, ndoa na vifo, zilizoandikwa na Waafrika kwa ajili ya Waafrika wenzao. Ninalitaja kwa sababu linavunja hadithi nyepesi kwamba zamani uandishi ulikuwa safi na leo umechafuka. Mchanganyiko ulikuwapo tangu siku za mwanzo za magazeti ya Kiswahili pwani hii. Ila msomaji wa Kiongozi alijua anasoma karatasi ya nani. Msomaji wa leo anayefungua simu yake asubuhi hana uhakika huo, na hapo ndipo hali yetu ilipo mbaya kuliko ya yule.

Tuiangalie taarifa yenyewe kwa karibu. Nitaibuni, ili nisimsingizie mtu, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye dawati la habari ataitambua. Kichwa: wananchi waishukuru mamlaka kwa mradi wa maji. Aya ya kwanza: wakazi wa kata fulani wameishukuru mamlaka kwa kuwafikishia huduma waliyoisubiri kwa muda mrefu. Aya ya pili: wakizungumza kwa nyakati tofauti, wakazi hao wamesema sasa wameondokana na adha ya kufuata maji mbali. Aya ya tatu: kwa upande wake, mkurugenzi amesema mradi umegharimu shilingi kadhaa na amewataka wananchi kuitunza miundombinu. Picha: mkurugenzi akifungua koki, mama mmoja akikinga ndoo.

Hakuna uongo hapo. Maji yametoka, mama yupo, gharama ni ileile iliyoandikwa. Sasa soma tena. Muda mrefu ni miaka mingapi, na waliusubiri kwa sababu gani? Maji hutoka kila siku, au yalitoka siku ya uzinduzi? Kuunganishiwa nyumbani ni shilingi ngapi, na nyumba ngapi hazijaunganishwa kwa kushindwa kulipa? Dumu lilikuwa linauzwa bei gani kabla ya koki kufunguliwa, na sasa ni bei gani? Mkandarasi alitakiwa kumaliza lini? Kwa taarifa hiyo, huduma inayolipiwa kwa kodi na ankara imegeuka zawadi ya kushukuriwa, na wajibu pekee uliotajwa, wa kutunza miundombinu, umeangukia kwa wanaopokea. Afisa uhusiano aliyeiandika ameifanya kazi yake vizuri, wala simlaumu. Aliajiriwa aijengee taasisi yake imani. Anayestahili kulaumiwa ni aliyeipokea, akaiwekea jina lake na kuirusha.

Hoja dhaifu kuliko zote ninazozisikia katika mjadala huu huja hapo: kama taarifa haina uongo, kuna ubaya gani kuichapisha kama habari? Inavutia kwa sababu inaonekana ya haki. Lakini inadhani kazi ya habari ni kuhakikisha sentensi zilizopo ni za kweli, wakati nusu ya kazi hiyo ni kuzitafuta sentensi zisizokuwapo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilifanya jambo kubwa: ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10, ikakopa moja kwa moja kwa wawekezaji ili kupanua miundombinu ya maji. Wawekezaji walijitokeza kwa zaidi ya asilimia 100 ya lengo, na hatifungani ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mji wetu ulistahili kujivunia, na taarifa za siku ile zilizosema lengo limevukwa zilisema kweli tupu.

Ila riba ya hatifungani hiyo ni asilimia 13.5 kwa mwaka. Anayechukua kalamu na kuzidisha anapata zaidi ya shilingi bilioni 7 za riba kwa mwaka, na fedha hizo zinatarajiwa kutoka kwenye mapato ya mamlaka, ambayo kwa sehemu kubwa ni ankara za maji. Sisemi kwamba mpango ni mbaya. Inawezekana kabisa ni nafuu kuliko mkopo wa benki, na nauunga mkono mji kutafuta fedha zake badala ya kusubiri bajeti kuu. Ninachosema ni kwamba mkazi wa Makorora anayelipa ankara ana haki ya kuambiwa hesabu hiyo siku ileile anapoambiwa lengo limevukwa, na wa kumwambia ni mwandishi wa habari. Kwa taasisi inayotafuta wawekezaji, sentensi ya kwanza ni kuvukwa kwa lengo, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwake. Kwa mwandishi, sentensi ya kwanza inaweza kuwa bilioni 7 hizo. Zote mbili ni za kweli. Utofauti wa wenye nazo ndio unaotufanya tuhitaji taaluma mbili.

Upande wa pili wapo wanaosema uhusiano wa umma ni uongo uliovaa suti, na kwamba mwanahabari anayehamia ofisi ya mawasiliano ameuza kalamu. Nao wanakosea, na kosa lao lina madhara. Kukitokea kipindupindu, bomba kuu likikatika, meli ikichelewa, wa kwanza tunayemhitaji ni mtu wa taasisi anayejua kuandika kwa haraka, kwa Kiswahili kinachoeleweka, bila kusubiri vikao vitatu. Taasisi isiyo na mtu huyo huuachia uvumi nafasi yake. Tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka taasisi ziwe na maafisa wa kushughulikia maombi ya wananchi, na inaweka siku 30 za kujibu. Mimi humpima afisa habari kwa kipimo hicho. Kutuma taarifa kwenye kundi la WhatsApp la waandishi wakati kuna uzinduzi ni kazi nyepesi. Nataka kujua anafanya nini mwandishi anapopiga simu siku ambayo hakuna uzinduzi, na ana swali ambalo bosi hakulitarajia. Wapo wanaopokea, wanaotafuta jibu na kurudi nalo jioni. Hao wanatumikia umma, na kuwaita waongo ni dhuluma.

Hoja iliyo nzito kweli ni nyingine, na siwezi kuipita kwa haraka. Inasema: vyombo vya habari navyo vina wenyewe. Gazeti lina mmiliki, redio ina wafanyabiashara wanaoilipa kwa matangazo, na halmashauri au kampuni inayotoa matangazo huweza kuyaondoa kesho. Kwa hiyo neno la mwisho ninalolisifu halimo chumba cha habari pia. Nakubali zaidi ya nusu ya hoja hii. Mhariri anayejua mishahara ya mwezi inategemea tangazo la mtu mmoja huhariri akiwa na mtu huyo kichwani. Lakini shinikizo si sawa na haki. Anayelipia tangazo akimpigia mhariri kutaka habari iondolewe, anafanya jambo ambalo wote wawili wanajua ni kosa, ndiyo maana hufanywa kwa simu na si kwa barua. Mkurugenzi anapofuta aya kwenye taarifa ya afisa wake hatendi kosa lolote. Aliyeumizwa na habari anaweza kudai nafasi ya kujibu, kudai masahihisho, kulalamika Baraza la Habari Tanzania. Nani amewahi kumlalamikia afisa uhusiano kwamba taarifa yake haikumpa nafasi mkandarasi au mwanakijiji? Hakuna, kwa sababu hakuahidi hivyo. Chombo cha habari kinachoinama kinavunja ahadi, na kuvunjwa kwa ahadi kunatupa mahali pa kukishikia.

Katika jambo hili Tanga ina mtihani wake, nao ni bomba la mafuta ghafi. Ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa Tanga, sehemu kubwa ikiwa ndani ya Tanzania. Mafuta hayo huganda kwa nta iliyomo, hivyo bomba linahitaji kupashwa joto njia nzima. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8. Mwandishi wa hapa hupokea taarifa za aina mbili kuhusu bomba hilo. Moja hutoka upande wa mradi, ikiwa na ajira, fidia, madarasa na picha za watu wenye kofia ngumu. Nyingine hutoka kwa wanaharakati, ikiwa na mazingira, ardhi na hali ya hewa, na Septemba 2022 upande huo ulipata nguvu Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kuukosoa mradi. Wengi huchukua aya mbili za huku na mbili za kule na kuita hiyo mizania.

Kwangu hizo ni taarifa mbili za uhusiano wa umma zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Taarifa ya mwanaharakati imeandikwa kwa kanuni ileile ya taarifa ya kampuni: ina lengo, ina wafadhili, imechagua ushahidi unaoifaa, na bosi wa ofisi ameipitia kabla haijatoka. Huenda lengo lake ni jema zaidi. Hilo haliifanyi kuwa habari. Habari ingeanza na mwandishi aliyekwenda mwenyewe Chongoleani, akakaa na wavuvi, akauliza nani alilipwa fidia, kwa tathmini ya mwaka gani, alinunua nini na leo anaishi wapi, kisha akazirudia ofisi zote mbili na majibu hayo mkononi. Hapo ndipo kampuni na mwanaharakati wote huanza kukosa raha, na nadhani kukosa raha kwao ni dalili nzuri kuliko kitambulisho chochote.

Nauli ya kwenda Chongoleani inatoka wapi, basi? Swali hili ndilo kiini cha tatizo, na kitambulisho cha ithibati hakina jibu lake. Waandishi wengi wa mikoani ni wawakilishi wanaolipwa kwa habari iliyotoka, na habari moja hailipi mafuta ya pikipiki kwenda na kurudi Handeni, sembuse Lushoto. Taasisi inayo gari. Ina chai na maandazi ukumbini, ina daftari la mahudhurio la kusaini mwishoni, na ina bahasha inayoitwa nauli. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo mjini hapa. Kabla mgeni rasmi hajafika katikati ya hotuba, habari yake ilikuwa imeshaingia kwenye simu zetu, na kichwa, nukuu na maelezo ya picha, na aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameshaituma kwa mhariri wake. Ulipofika muda wa maswali hakuna aliyenyoosha mkono. Kijana yule si mvivu. Amefanya hesabu ambayo mwajiri wake amemlazimisha kuifanya, na matokeo ya hesabu hiyo ni kwamba swali ni hasara.

Wenye vyombo wakiendelea kumlipa mwandishi kidogo kuliko inavyomlipa bahasha, ofisi za mawasiliano ndizo zitakuwa vyumba vya habari vya mkoa huu, zikiwa na kamera bora, magari, na waandishi waliosomea. Kutakuwa na habari nyingi kila siku na hakuna itakayoanza na mkazi. Gharama yake haitaonekana kwa wasomaji peke yao. Afisa uhusiano naye hupoteza, kwa sababu taarifa yake ina thamani inapopita mikononi mwa mtu ambaye angeweza kuikataa. Mwananchi akishagundua kwamba kila kinachotoka ni cha ofisi, ataacha kuamini hata onyo la kipindupindu, na ofisi haitajua imani hiyo iliondoka siku gani.

Kuna mambo ambayo hayahitaji sheria mpya wala fedha nyingi, na wahariri wanaweza kuyaanza wiki hii. Taarifa ya taasisi itoke kama taarifa ya taasisi, jina la ofisi likiwa pale lilipokuwa likikaa jina la mwandishi. Mwandishi aliyekwenda kwa gari la mradi aandike kwamba alikwenda kwa gari la mradi. Mstari mmoja unatosha. Mhariri asipokee habari ya uzinduzi isiyo na mtu hata mmoja ambaye hakuchaguliwa na waandaaji, na amlipe zaidi anayemleta mtu huyo. Klabu ya waandishi ya mkoa ingeweza kuwa na mfuko mdogo wa nauli, unaochangiwa na vyombo vyenyewe bila mkono wa taasisi zinazoandikwa, kwa ajili ya safari mbili tatu kwa mwezi nje ya mji. Bodi ya Ithibati nayo, ikitaka kazi yake iguse kinachosomwa, iwaulize wamiliki wanawalipa nini wawakilishi wao kabla ya kuwauliza wawakilishi wana vyeti gani. Hatifungani ya maji ina maisha hadi mwaka 2034, na kila riba inapolipwa kuna fedha iliyotoka kwenye ankara za mji huu. Mhariri wa hapa anaweza kumpangia mtu kazi hiyo leo, ampe nauli ya kuzunguka Mabawa, Pongwe na Mikanjuni akiangalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na amwambie asirudi na taarifa ya mtu.